Maziwa hayaoshi moshi wa chuma

Leo safu yetu inazungumza na mafundi: wanaochomelea mageti na grili, wanaokata bomba kwa grenda, wanaosubu masufuria, wanaoyeyusha betri kuukuu za magari, na wavuvi wanaojitengenezea chubwi za risasi. Inazungumza pia na wake zao, mama zao na waajiri wao, kwa sababu moshi wa kazi hizi hauishii kwenye karakana.

Ukimuuliza fundi wa kuchomelea, awe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, anajikinga vipi na moshi ule, mara nyingi jibu litakuwa moja: "Tunakunywa maziwa." Wapo waajiri ambao kila siku huwagawia vijana wao pakiti ya maziwa, kisha huona wamekwisha timiza wajibu wao. Imani hii imeenea sana, na imewafanya watu wengi wasitafute kinga ya kweli. Ndiyo maana tumeona tuieleze kwa kirefu.

Kazi yenye heshima

Kwanza tuseme wazi kwamba uhunzi si kazi ya kudharauliwa. Qur'an Tukufu ina sura nzima iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na aya ya 25 ya sura hiyo inatukumbusha kwamba katika chuma mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Nabii Daud (AS) alilainishiwa chuma na Mola wake, akatengeneza mavazi ya vita kwa mkono wake. Khabbab bin al-Aratt (RA), miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu pale Makka, alikuwa mhunzi.

Lakini dini yetu haikuficha kwamba kazi hii ina moshi. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimfananisha rafiki mbaya na mtu anayevukuta mivukuto ya mhunzi: ukikaa karibu naye, ama atakuunguza nguo, ama utapata harufu mbaya. Mfano ule ulieleweka kwa sababu kila mtu alijua kwamba moshi wa mhunzi humfikia hata yule aliyekaa pembeni.

Kuna na kisa kingine, amekisimulia Anas bin Malik (RA), nacho kimo katika Sahih Muslim. Mtume (SAW) alipompata mwanawe Ibrahim, alimpeleka kunyonyeshwa kwa Ummu Sayf, mke wa mhunzi aitwaye Abu Sayf. Siku moja Mtume (SAW) alikwenda kumtazama mtoto. Anas akatangulia, akamkuta Abu Sayf anavukuta na nyumba imejaa moshi. Akamwambia asimamishe kazi kwa kuwa Mtume wa Allah amefika, naye akasimamisha. Ndipo Mtume (SAW) akamwita mwanawe na kumkumbatia.

Hatusemi kwamba kisa hiki ni hukumu ya kifiqhi juu ya karakana. Tunachokiona humo ni picha ambayo hata leo ipo mitaani kwetu: mhunzi, moshi, na mtoto mchanga chini ya paa moja.

Moshi ule ni kitu gani?

Watu wengi hudhani moshi wa kuchomelea ni kama moshi wa kuni. Sivyo. Moshi ule ni chuma chenyewe. Moto wa umeme kwenye ncha ya rodi ni mkali mno, kiasi kwamba sehemu ndogo ya chuma haiyeyuki tu bali huchemka na kuwa mvuke, kama maji yanavyotoa mvuke yakichemka. Mvuke ule ukikutana na hewa hupoa ghafla na kuganda kuwa chembe ndogo sana. Nyingi kati ya chembe hizo hazifiki hata sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele wa binadamu.

Udogo huo ndio hatari yenyewe. Vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na makamasi, nasi tukalitoa kwa kupenga au wakati wa kutia udhu. Chembe za moshi wa chuma hupita hapo bila kuzuiwa, zikateremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Baadhi ya metali hizo huingia katika damu na kusafirishwa hadi kwenye ubongo, figo na mifupa.

Sasa rudi kwenye pakiti ya maziwa. Maziwa hupita kooni, yakaingia tumboni. Moshi hupita kwenye koromeo la hewa, ukaingia kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili tofauti, na maziwa hayafiki kabisa mahali ulipo moshi. Hatuyadharau maziwa, kwani ni neema iliyotajwa katika Surat an-Nahl, aya ya 66. Ni chakula bora, na madini ya kalisi yaliyomo humo husaidia kupunguza kiasi cha risasi ambacho utumbo hufyonza iwapo mtu ameimeza. Basi mpe fundi maziwa kama chakula. Usimpe kama kinga, kwa sababu ukimpa hivyo utakuwa umemdanganya.

Homa ya usiku inayofanana na malaria

Ipo homa moja ambayo mafundi wengi wameipata bila kujua jina lake. Humpata zaidi aliyechomelea bomba au bati lililopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye joto la nyuzi 907 za sentigredi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Kwa hiyo kabla chuma hakijaanza hata kulainika vizuri, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe, nao umeingia puani kwa fundi.

Saa nne hadi kumi baadaye, mara nyingi fundi akiwa amesharudi nyumbani, hupatwa na kiu, ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, kikohozi, kutetemeka kwa baridi na homa. Mke atasema ni malaria. Atameza dawa, na keshokutwa atakuwa mzima. Wote wataamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya, kumbe homa ile huondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Jumatatu nyingine, baada ya mapumziko, humrudia kwa nguvu zaidi, kwa sababu mwili uliokuwa umeanza kuizoea zinki husahau haraka.

Usielewe kutokana na maneno haya kwamba kila homa ya fundi ni ya zinki. Malaria ipo na inaua. Nenda ukapimwe damu. Lakini mweleze daktari kwamba siku hiyo ulichomelea mabati, kwani mara nyingi hatauliza mwenyewe. Na liko jambo la kuzingatia sana: kadimiamu, inayopatikana katika baadhi ya boliti zilizopakwa na katika aina fulani za lehemu ya fedha, huanza kwa dalili zile zile, lakini yenyewe huweza kuua mapafu yakijaa maji. Pumzi ikizidi kuwa fupi badala ya kupata nafuu, usilale nyumbani ukisubiri asubuhi.

Yanayokuja polepole

Homa ya zinki angalau hutoa taarifa. Madhara mengine huja kimya kimya kwa miaka.

La kwanza ni manganizi, iliyomo katika rodi nyingi na katika chuma chenyewe. Mwaka 1837 daktari mmoja wa Scotland, John Couper, alieleza habari za wanaume watano waliokuwa wakisaga mawe ya manganizi kiwandani. Miguu yao iliishiwa nguvu, mwendo ukabadilika, sauti ikawa ya kunong'ona. Leo tunajua kwamba manganizi inayovutwa kwa wingi huathiri ubongo kwa namna inayofanana na ugonjwa wa Parkinson. Fundi ambaye mkono umeanza kutetemeka, hasira zimezidi na hatua zimekuwa fupi, asiambiwe tu kwamba ni uzee au kwamba amefanyiwa uchawi.

La pili ni saratani. Mwaka 2017 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lile lile ulimo moshi wa sigara. Anayechomelea chuma kisichoshika kutu hupata pia kromiamu na nikeli, ambazo zinajulikana kwa kuleta saratani ya mapafu. Fundi anayevuta sigara juu ya moshi huo anajiongezea mzigo kwa hiari yake.

La tatu ni risasi, yaani ile metali ya kwenye betri za magari, chubwi za nyavu na lehemu za zamani. Risasi huyeyuka upesi, kwenye nyuzi 327 tu, hivyo inayeyushwa hata kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Ikizidi kupata moto hutoa moshi usioonekana vizuri na usio na harufu ya kutisha. Kwa mtu mzima huleta presha ya damu, maumivu ya tumbo, ukosefu wa choo, upungufu wa damu, ganzi, na hupunguza nguvu za uzazi kwa wanaume. Sehemu kubwa hujificha ndani ya mifupa kwa miongo ya miaka. Mama mjamzito ambaye mifupa yake ina risasi ya tangu ujana huipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Inaporudi nyumbani na baba

Hapa ndipo tunapomwomba kila mzazi asome kwa makini. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Kiasi ambacho baba hakihisi kabisa huweza kumpunguzia mwanawe akili ya darasani maisha yake yote, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Mfano wa karibu nasi upo Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru. Pale kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka 2014. Mama mmoja, Bi Phyllis Omido, alipata kazi kiwandani humo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua homa zisizoeleweka, na mwishowe vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyo aliacha kazi, akasimama na wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, na hukumu ile ya fidia ikathibitishwa na Mahakama ya Juu ya Kenya mwezi Desemba 2024. Baadhi ya waliodhurika hawakuwahi hata kuajiriwa na kiwanda. Walikuwa majirani tu wa moshi.

Ndugu zetu wa Afrika Magharibi walipata msiba mkubwa zaidi. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha mchanga ili wapate risasi ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Na mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, iligundulika kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wakisaga majumbani mawe yenye risasi. Vumbi lile liliua zaidi ya watoto 400. Wazazi wale walikuwa wanatafuta rizki ya halali kama wewe na mimi. Hakuna aliyewaambia.

Kinga ya kweli

Sasa tuingie katika yale ambayo fundi anaweza kuyafanya, tukianza na yasiyohitaji fedha.

Kwanza, toa kichwa chako nje ya moshi. Moshi hupanda wima kutoka kwenye rodi. Ukiinamia kazi, unauvuta wote. Kaa ili upepo ukupige ubavuni. Upepo wa mgongoni hugeuka mbele ya kifua chako na kuuleta moshi puani.

Pili, fanyia kazi mahali palipo wazi. Usichomelee ndani ya tangi, shimo au chumba kisicho na madirisha mkabala. Feni ikiwekwa pembeni, ikisukuma moshi kwenda nje na si usoni kwa mwenzako, ni bora kuliko maziwa ya mwaka mzima. Karakana kubwa inapaswa kuwa na bomba la kunyonya moshi pale pale unapotokea.

Tatu, ondoa rangi au zinki pale utakapochomelea kabla ya kuwasha moto, huku ukiwa umevaa barakoa, kwani vumbi la grenda nalo halifai.

Nne, vaa barakoa yenye uwezo wa kuchuja chembe ndogo, ya daraja la N95 au FFP2 na kuendelea, chini ya helmeti. Kitambaa, leso au kilemba kilichofungwa puani hakichuji moshi wa chuma. Na ndugu zetu wenye ndevu wajue kwamba barakoa hizi hufanya kazi pale tu zinapogusa ngozi pande zote. Juu ya ndevu, moshi hupita pembeni. Hatumwambii mtu anyoe Sunna. Zipo kofia maalumu zinazopulizia hewa safi usoni na hazihitaji kubana mashavu, lakini bei yake ni kubwa. Kwa hiyo mwenye ndevu ana sababu ya ziada ya kusimamia upepo na feni.

Tano, usile, usinywe wala usivute sigara penye kazi. Fundi redio anayetumia lehemu yenye risasi hadhuriki sana kwa moshi wake. Hatari yake zaidi imo katika vidole anavyovipeleka mdomoni.

Sita, usiende nyumbani na nguo za kazi. Zivue karakanani, zitie kwenye mfuko, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Koga au angalau osha mikono, uso na nywele kwa sabuni kabla ya kumbeba mwanao. Viatu vya kazi vibaki nje. Udhu peke yake hautoshi hapa, kwa kuwa risasi hushika ngozini na inahitaji sabuni na kusugua.

Saba, usiyeyushe betri wala chubwi nyumbani, uani wala jikoni, hata mara moja. Sufuria iliyoyeyushiwa risasi isipikiwe tena milele. Vumbi lililokwisha tanda lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu.

Katika mwezi wa Ramadhani zingatia zaidi. Wanazuoni wametufundisha kwamba vumbi na moshi unaoingia bila ya kukusudia haufunguzi swaumu. Lakini mapafu hudhurika hata kama hukukusudia. Tena, tumbo tupu hufyonza risasi nyingi kuliko tumbo lenye chakula. Kwa hiyo kabla ya kugusa tende ya futari, osha mikono kwa sabuni na usukutue vizuri.

Neno kwa mwajiri na kwa mteja

Ewe mwenye karakana, kijana aliyekuja kwako ni amana. Mtume (SAW) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana, na ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Ujira huo utakuwa na maana gani ikiwa pamoja nao anapewa maradhi ya kupeleka kwa watoto wake?

Sheria za nchi nazo ziko wazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri adhibiti moshi, atoe vifaa vya kinga na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya. Magonjwa yanayotokana na kazi yana fidia kisheria: Tanzania Bara kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya kupitia sheria ya fidia ya mwaka 2007. Mfanyakazi anayeyeyusha betri ana haki ya kuuliza kipimo cha risasi katika damu. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Na sisi wateja hatuna budi kujiuliza. Milango ya nyumba zetu, grili za madrasa zetu, hata mageti ya misikiti yetu yamepita katika mikono ya vijana hawa. Kamati ya msikiti inapoagiza grili ina nafasi ya kuuliza: Je, mafundi wako wana barakoa? Wanafanyia kazi mahali penye hewa? Tukikubali kuongeza kidogo juu ya bei kwa ajili hiyo, itakuwa sadaka ambayo thawabu yake hatuijui ukubwa.

Ndugu msomaji, Allah (SW) ametukataza katika Surat al-Baqara, aya ya 195, kujitia kwa mikono yetu wenyewe katika maangamizi. Kama wewe ni fundi, leo hii geuza kiti chako upepo ukupige ubavuni, na jioni badilisha nguo kabla ya kuondoka. Kama wewe ni mke au mama wa fundi, mwekee ndoo ya maji na sabuni mlangoni kabla hajamgusa mtoto. Kama wewe ni mwajiri, endelea kutoa maziwa ukipenda, lakini nunua na feni na barakoa.

Tunamuomba Allah awaponye waliokwisha dhurika, awahifadhi watoto wetu, na azibariki kazi za mikono yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.